Sipendi vitu vitamu mdomoni, mbona pafyumu za maua na kitindamlo zimeniteka?

#1 PuaNyepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo linanisumbua miezi sasa. Mimi si mtu wa sukari. Chai nakunywa kavu, keki ikikatwa kipande changu huishia kwa mtu mwingine. Ila kwenye pafyumu mambo yamegeuka. Akipita mtu aliyejipulizia ile harufu ya maua iliyoshikana na vanila, karameli au pamba ya sukari, shingo inageuka yenyewe. Nina chupa nne hivi sasa, zote za ukoo huo.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: waridi tupu nikilinusa nachoka mapema. Vanila tupu nayo najiona nimesimama mbele ya tanuri la keki, dakika kumi tu natafuta dirisha. Vikikutana hivyo viwili, siachi kunusa mkono. Jana nimelala kiganja kikiwa puani.

Nini hasa kinatuvuta? Kumbukumbu, kemia, matangazo, au pua zetu zimeumbwa hivyo? Karibuni.

#2 Kimya_Kingi

Naweka kambi hapa. Uzi huu nilikuwa nausubiri.

#3 MhengaWaChupa

Chanzo cha yote ni Angel ya Mugler, 1992. Kabla yake hakuna aliyewahi kuthubutu kuweka harufu ya chakula kitamu ndani ya pafyumu. Mtunzi wake, Olivier Cresp, alichukua ethili-maltoli, ile molekuli inayonukia sukari inapoanza kuyeyuka sufuriani, akaimwaga kwa wingi. Halafu akaiegemeza kwenye pachuli, yenye harufu ya udongo na mbao, ili sukari isilegee. Tangu hapo wauzaji hawakurudi nyuma: Flowerbomb ya Viktor & Rolf ikaja 2005, La Vie Est Belle ya Lancôme 2012, na nyingine nyingi mno.

Kwa hiyo mleta uzi, jibu langu ni fupi: ni mtindo. Umeukuta umeenea kila unapopita, pua yako ikauzoea, ukadhani umeuchagua wewe.

#4 KabatiLaZamani

Mkuu #3 nakuheshimu, ila hapo kwenye "hakuna aliyewahi" umeteleza. Jicky ya Guerlain ni ya mwaka 1889 na ndani yake kulikuwa na vanilini, molekuli ya harufu ya vanila, na kumarini, ile ya mbegu za tonka yenye harufu kati ya lozi na majani makavu. Shalimar ya 1925 nayo ni nini kama si vanila iliyovaa nguo za usiku? Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Jacques Guerlain alimimina ethili-vanilini kwenye chupa ya Jicky ili aone itakuwaje, na Shalimar ikazaliwa hapo.

Angel ilichofanya ni kuivua sukari vazi lake na kuisimamisha mlangoni. Zamani ilikuwa inakaa chumba cha ndani, unaikuta baada ya saa mbili.

#5 MhengaWaChupa

#4 nimesahihishika, asante. Nafuta "hakuna aliyewahi". Lakini hoja ya mtindo naishikilia. Kitu kikikaa sokoni zaidi ya miaka 30, watu wanazaliwa wakikikuta na wanakua wakiamini kwamba pafyumu nzuri ndivyo inavyonukia.

#6 KemiaSiUchawi

Mnazungumza kana kwamba ua na kitindamlo ni wageni waliokutanishwa na mtunzi. Ni ndugu wa damu. Naomba nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Waridi lina molekuli iitwayo beta-damaskenoni. Kwenye mafuta ya waridi ni chembe ndogo sana, ila inabeba sehemu kubwa ya kile pua yako inachokiita waridi. Molekuli hiyohiyo imo kwenye tufaha lililopikwa. Ua la vayoleti linanukia kwa sababu ya aiononi, na tunda la rasiberi linazo pia. Tuberosi ina laktoni, jamii ileile inayotoa harufu ya nazi na malai. Ua la osmanthus linanukia aprikoti iliyoiva, huhitaji kuambiwa. Ua la mchungwa na yasmini zina methili-anthranilati, ambayo watengeneza peremende huitumia kupata ladha ya zabibu. Na ua la heliotropi ukilinusa utaapa mtu amesaga lozi akaziloweka kwenye vanila.

Sasa mtunzi anapoweka karameli juu ya waridi, anapandisha sauti ya kitu kilichokuwa kinanong'ona tangu awali. Ndiyo maana mleta uzi waridi tupu linakuchosha na vanila tupu inakuchefua: kila moja ni nusu ya sentensi.

#7 Sauti_ya_Tatu

Mwalimu #6 umetupa kipindi kizima bila kengele. Mimi nimebaki kwenye "nusu ya sentensi", nimeiandika pembeni. Mtihani lini?

#8 DadaWaDripu

Jina langu hapa lina sababu, leo naisema.

Miaka kadhaa nyuma niliugua, nikalazwa wiki tatu. Nilikuwa simezi kitu, hata maji yakifika kooni yanarudi. Kulikuwa na nesi mmoja wa zamu ya usiku. Kila akiinama kubadilisha dripu, shingoni kwake ilikuwa inatoka harufu ya yasmini, na chini yake kitu kama maziwa yaliyochemshwa na lozi. Mwili wangu ulikuwa umekataa chakula kabisa, lakini harufu ile niliivuta polepole, nikiogopa isije ikaisha. Usiku wa nne nikamwambia mama, "Nina njaa." Mama alilia.

Sikuwahi kumuuliza yule nesi amejipulizia nini. Baadaye sana niliikuta dukani: Hypnotic Poison ya Dior, ile ya 1998. Nilisimama pale na kijikaratasi cha kunusia mkononi, machozi yakanitoka mbele ya muuzaji.

Kwa hiyo mnapojadili kemia na mtindo, mimi najua cha kwangu. Mwili ulikuwa umesahau kwamba kula ni raha, pua ikaukumbusha.

#9 Kimya_Kingi

#8 pole dada, na asante kwa kutuamini na hili.

#10 PuaNyepesi

Dada #8, nimesoma mara mbili. Imenigusa sana.

Lakini inanirudisha kwenye swali langu kwa upande wa pili. Wewe pua ilikufungulia hamu ya kula. Mimi hamu ya kula hivyo vitu sina kabisa, na bado nanusa kama mwenye njaa. Inakuwaje?

#11 UlimiNaPua

Nadhani unachanganya milango miwili, mleta uzi. Utamu wa sukari uko kwenye ulimi. Ulimi haujui vanila, haujui karameli, unajua tamu, chumvi, chungu, chachu na ule ukolezi wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni pua inafanya kazi kwa mlango wa nyuma, harufu inapanda kutoka kooni wakati unatafuna.

Jaribu: bana pua, weka peremende ya stroberi mdomoni. Utapata sukari basi. Achia pua, stroberi inafika kwa mkupuo mmoja. Nimewafanyia watoto nyumbani, walipiga kelele kama wameona mazingaombwe.

Kwa hiyo vanilini peke yake haina sukari hata chembe. Tunaiita tamu kwa sababu tumeinusa mara elfu pamoja na sukari, ubongo ukazifunga fundo. Watafiti wamelionyesha hili maabara: ukiwapa watu harufu wasiyoijua pamoja na maji ya sukari mara kadhaa, baadaye wakiinusa peke yake wanasema inanukia tamu zaidi kuliko mwanzo.

Wewe huenda unachokichukia ni ile sukari ya ulimini, inayonata na kuacha kiu. Pafyumu inakupa upande wa pua tu. Unakwenda karamuni, unakaa, unazungumza, unaondoka bila kushika sahani.

#12 Msomi_wa_Jioni

Hoja ya kuzoeshwa #11 ina nguvu, ila haimalizi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti kwenye jarida la Current Biology, waliwanusisha watu wa jamii zilizo mbalimbali kabisa kwa maisha, wawindaji, wakulima, watu wa mijini, harufu zilezile, kisha wakawaomba wazipange kutoka nzuri hadi mbaya. Iliyoongoza ni vanilini. Ya mwisho ni asidi ya isovaleriki, yenye harufu ya miguu iliyoshinda kwenye viatu.

Utamaduni ulieleza asilimia 6 tu ya tofauti za mpangilio. Molekuli yenyewe ilieleza asilimia 41. Ina maana kuna kitu kwenye vanilini kinachopendwa hata na mtu asiyewahi kuona keki.

#13 KabatiLaZamani

Na asilimia iliyobaki #12? Usituachie njiani.

#14 Msomi_wa_Jioni

Karibu yote iliyobaki, kama 54, ni mtu mmoja mmoja. Hulka yake, mapito yake, pua yake.

#15 DadaWaDripu

Basi 54 ni yangu na nesi wangu. Nimeridhika.

#16 MwanaLugha

Mbona hakuna aliyetazama lugha? Kwetu sisi tamu haiko kwenye sukari peke yake. Tuna hadithi tamu, sauti tamu, usingizi mtamu, maneno matamu. Samaki aliyekolea chumvi tunasema mtamu. Mtoto wa Kiswahili anajifunza neno hilo kama jina la raha yoyote inayoingia mwilini. Sasa mtu akikwambia "pafyumu hii ina harufu tamu," hajasema ina sukari, amesema ina raha, na wewe tayari umeshaelekea huko kabla hujanusa.

Tazameni pia tulivyo makini: kunuka na kunukia. Herufi moja imeongezeka, aibu imegeuka sifa. Lugha zinazotumia kitenzi kimoja kwa yote mawili hazina bahati hiyo.

#17 UlimiNaPua

Nimependa hoja ya kunukia. Ila #16, watu wa lugha nyingine kabisa wanazipanga foleni pafyumu hizihizi. Wafaransa ndio walioupa ukoo huu jina, gurmandi, kutokana na neno lao la mtu apendaye kula vizuri. Lugha inatusaidia kuipenda, sidhani kama ndiyo iliyoianzisha.

#18 MwanaLugha

Sikusema imeianzisha. Nimesema imetufungulia mlango. Nabaki hapo.

#19 Hewa_Safi

Naomba na sisi wa upande wa pili tusikilizwe. Nafanya kazi chumba kimoja na watu sita, dirisha halifunguki. Mwenzetu mmoja anajipulizia mara nane au tisa, sukari iliyoungua na maua meupe. Ikifika saa nne asubuhi kichwa kinagonga, chakula cha mchana sikitamani. Sina ugomvi na mapenzi yenu, lakini raha ya mmoja isiwe adhabu ya wengine wote.

#20 FundiShingo

#19 una haki kabisa, na mwenzako huenda hajui. Pua huzoea. Ukikaa na harufu muda, ubongo unaizima, na molekuli za namna hii hukaa kwenye ngozi na nguo saa nyingi. Yeye hajisikii tena, anaongeza. Ninyi mnazipata zote.

Ninavyofanya mimi: mpulizo mmoja kifuani chini ya nguo, mmoja nyuma ya shingo, basi. Joto la mwili linaipandisha taratibu. Anayekumbatiana nami anaipata, aliye meza ya tatu hana habari. Na kwenye chumba kilichofungwa naacha kabisa. Mwambie kwa upole, faragha, wala usipeleke kwa mkubwa wa kazi kwanza.

#21 Hewa_Safi

Asante mkuu. Kesho nitamwita pembeni.

#22 Bi_Kola

Samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo. Nina blauzi nyeupe, kola yake imekuwa na doa la rangi ya chai hafifu, hasa pale ninapopulizia. Nimefua mara tatu. Na chupa yenyewe, ilikuwa rangi ya maji ya waridi nilipoinunua, sasa imekuwa kama asali. Nimeuziwa iliyoharibika?

#23 KemiaSiUchawi

Dada #22, huko si nje ya mada hata kidogo. Umekutana na ndoa ya ua na kitindamlo kwa macho yako.

Vanilini hubadilika rangi ikikaa na hewa na mwanga, inakwenda njano mpaka kahawia. Ikikutana na indoli ya yasmini au methili-anthranilati ya ua la mchungwa niliyoitaja #6, zinaungana, na kinachotoka ni chenye rangi zaidi. Kwa hiyo pafyumu yenye vanila nyingi na maua meupe kugeuka asali ni kawaida. Kama harufu haijachachuka wala kuwa kali kama siki, chupa yako ni nzima. Iweke kabatini, mbali na jua na joto.

Kwa nguo nyeupe, pulizia ngozi, subiri ikauke, ndipo uvae.

#24 Bi_Kola

Nimenusa sasa hivi, ni ileile. Nilikuwa karibu kuimwaga! Ubarikiwe.

#25 Sauti_ya_Tatu

Nikiwaza, vanila si inatokana na ua? Basi pafyumu ya vanila yenyewe ni pafyumu ya maua, ubishi umekwisha.

#26 KabatiLaZamani

Polepole #25. Vanila ni okidi, hapo uko sawa. Lakini kinachonukia si ua lake, ni ganda la tunda. Na ganda likichumwa bichi halinukii kitu, ni kama ganda la maharage. Linachovywa maji ya moto, linafunikwa litoke jasho, linaanikwa, linahifadhiwa, miezi kadhaa, ndipo harufu inatoka. Ua lenyewe hufunguka siku moja tu. Nje ya kwao Meksiko lilikuwa halizai lenyewe, na mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, alipata njia nyepesi ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Karibu kila ganda la vanila duniani nje ya Meksiko limepita kwenye ujuzi wa mtoto yule, na watu wanalinusa bila kujua jina lake. Hilo huniuma.

Na hata hivyo, vanilini iliyo kwenye chupa nyingi haikutoka kwenye ganda lolote. Tiemann na Haarmann waliitengeneza maabara mwaka 1874 kutoka kwenye kitu kilichomo kwenye miti ya misonobari.

#27 Sauti_ya_Tatu

Nimerudi kiti changu. Ila Edmond Albius sitamsahau tena.

#28 KijanaWaLavenda

Sisi wanaume tumo? Maana nikisema napenda hizi, kaka zangu wananitazama kama nimevaa gauni.

#29 MhengaWaChupa

Umo toka zamani mkuu. Le Male ya Jean Paul Gaultier, 1995, ilitungwa na Francis Kurkdjian: lavenda, ua la mchungwa, vanila, tonka. Ni ya maua na ni tamu, na wanaume wameivaa duniani kote. Mwaka 1996 Mugler wakatoa ya kiume yenye pachuli, kahawa na karameli. Kaka zako huenda wanayo mojawapo, hawajasoma tu kilichomo ndani.

Kurkdjian huyohuyo ndiye wa Baccarat Rouge 540, yenye zafarani, yasmini na ule utamu wa sukari iliyopeperushwa. Hakuna anayeuliza ni ya nani.

#30 Mpishi_Kimya

Nimesoma yote. Naona mmesahau chungu.

Mimi kazi yangu ni mikate na keki, miaka kumi na sita. Karameli nzuri haipatikani kwa sukari. Inapatikana kwa ujasiri wa kusubiri ianze kuwa chungu. Ukiitoa mapema ni sirapu, ukichelewa sekunde kumi ni mkaa. Pale katikati inapotoa moshi mwembamba, rangi ya shaba, ndipo unatupa siagi na chembe za chumvi. Mlaji anasema "tamu," kumbe kinachomfanya arudie ni uchungu alioupata kwa mbali.

Nikinusa pafyumu za maua tamu natafuta kitu hicho. Yasmini ina indoli, ambayo peke yake ikiwa nyingi inanuka kama choo, hata wataalamu wanakiri. Pachuli ina udongo. Airisi ina ubaridi kama unga na mzizi wa karoti. Ua ndilo linaloleta uchungu na uchafu kidogo, sukari inapata mahali pa kusimama. Zile ambazo ua lake limesafishwa sana, likabaki zuri tu, huwa nazichoka saa moja.

Nina kijikaratasi nimekiweka ndani ya daftari la mapishi, leo siku ya tatu. Maua yameondoka, sukari imepungua, imebaki pachuli na kitu kama ganda la kakao. Hapo ndipo ninapopenda zaidi.

#31 PuaNyepesi

Mpishi #30, umenigusa penyewe. Napenda kahawa chungu. Sikuwahi kuunganisha hivyo viwili.

#32 Hesabu_za_Duka

Niharibu sherehe kidogo, kwa nia njema. Nimeuza pafyumu muda mrefu. Mteja anapulizia, ananusa kwa sekunde chache, anaamua. Harufu tamu inashinda hapo kwa sababu inaeleweka papo hapo, haihitaji kufikiri. Na tazama gharama: kilo moja ya mafuta ya waridi inahitaji tani 3 hadi 5 za petali. Ethili-maltoli inatengenezwa kiwandani, na tone dogo linasikika chumba kizima. Kampuni inaweka petali kidogo, sukari nyingi, na picha kubwa ya shada la maua. Halafu tunakaa hapa kuulizana kuhusu utoto.

#33 KemiaSiUchawi

#32 gharama ni kweli, ila bei rahisi haileti machozi ya #8. Na kuna maua ambayo huwezi kuyakamua hata ukiwa na fedha zote. Lile ua dogo jeupe la kengele, muguet, halitoi mafuta. Diorissimo ya 1956 ililijenga kwa molekuli za maabara, na watu waliipenda. Kiwanda si lazima kiwe udanganyifu.

#34 Hesabu_za_Duka

Sikusema udanganyifu. Nimesema kinachotuvuta kimepangwa rafuni kabla hatujafika. Machozi ya dada nayaheshimu.

#35 ShambaLangu

Mimi nafuga nyuki, nina neno moja. Wazee walisema fuata nyuki ule asali. Ua linanukia ili kumwambia mdudu kuna kitu kitamu ndani. Harufu ya ua ni tangazo la sukari tangu dunia iwe dunia, hata kabla hajaja mtu wa kuitia kwenye chupa. Nikifungua mzinga wakati wa maua, harufu inayopanda ni hiyohiyo mnayoisema: nta ya moto, chavua, utamu, na kitu kidogo cha kukereketa. Sijawahi kununua pafyumu, ila siku hiyo mke wangu husema nimerudi nanukia vizuri.

#36 Msomi_wa_Jioni

#35 hoja nzuri sana, ila ua linaongea na nyuki na nondo, haliongei na sisi. Tunda ndilo linaloongea na walaji kama sisi. Labda tunachokipenda ni ua linalonukia kama limeshakuwa tunda, mwanzo na mwisho wa msimu vimewekwa siku moja.

#37 ShambaLangu

Ukipenda boga upende na ua lake, mkuu. Kwangu havijaachana.

#38 PuaNyepesi

Wakuu, nimefanya jaribio. Mkono wa kushoto waridi tupu, wa kulia vanila tupu, nikavaa hivyo asubuhi nzima. Mchana nikasugua viganja pamoja, nikazunguka nyumba nikiwanusisha watu bila kuwaambia kitu. Mdogo wangu akasema "keki ya harusi." Mama akanusa, akanusa tena, akasema "poda ya mtoto." Baba alifumba macho muda mrefu, akasema inamkumbusha chumba kilichofungwa mvua ikinyesha, kisha hakuongeza neno na sikumuuliza.

Mimi mwenyewe sikupata keki wala poda. Nilipata kitu cha joto kisicho na jina, na nilitaka kukinusa tena. Namba 30, kesho naongeza tone la pachuli, nitaleta majibu.

#39 Mpishi_Kimya

Tone moja tu, na usubiri siku tatu. Siku ya kwanza pachuli inapiga kelele.

#40 Hewa_Safi

Nimezungumza naye. Hakujua kabisa, aliniomba radhi. Leo amejipulizia mara mbili, na kwa mara ya kwanza nimesikia kwamba kuna waridi mle ndani.